Hata Mama Yake Hatajua

Tangu gari lile liingie uani kwetu, mume wangu hajamaliza sahani ya chakula akiwa amekaa. Anakula tonge moja, anainuka, anafunua pazia, anatazama, anarudi, anasahau alikuwa anakula nini. Ukimuuliza kuna nini, atakwambia kuna kitu kimelia. Kitu chenyewe ni jani. Au ni mtoto wa jirani kapiga chafya upande wa pili wa ukuta. Nimeolewa na mtu mzima mwenye mvi za ndevu, fundi anayeheshimika gereji nzima, lakini mbele ya lile gari anakuwa kama kuku mwenye vifaranga.

Kazi yake ni kupaka rangi magari. Hajui kazi nyingine na hajawahi kuitaka. Jina lake la utani alilipata kwa sababu ya maandishi ya ukutani. Walipofungua gereji walimwita bwana mmoja mchora vibao awaandikie TUNAPAKA RANGI MAGARI. Yule bwana akaandika TUNA, akakutana na ufa wa ukuta, akauruka, akaendelea na PAKA, kisha mvua zikaja zikafuta maneno yaliyobaki. Mpaka leo ukutani pamesalia TUNA PAKA. Kuna mama mmoja aliwahi kuingia kabisa, na kikapu mkononi, kuuliza kama wanao wa madoa. Basi tangu hapo wenzake wanamwita Paka, na watoto wa mtaani wakimwona anapita hulia nyau. Lingekuwa jambo la kucheka tu, kama si kwamba adui yake mkubwa siku hizi ni paka wa jirani, dume la kijivu lililonona, linalopenda kujilaza juu ya boneti letu kukiwa na baridi.

Utasema: fundi rangi anaogopa nini? Likikwaruzwa si atalipaka? Nami nilisema hivyo hivyo, nikatolewa macho.

“Mama Pacha, ile ni rangi ya kiwandani,” aliniambia. Ananiita hivyo kwa ajili ya mapacha wetu, wasichana wawili wanaojua kubishana kuliko kula. “Ile ikitoka hairudi. Hizi tunazopaka sisi ni viraka.”

“Mbona wateja huwaambii hivyo?”

“Wateja wanataka gari. Hawataki ukweli.”

Kwa wateja ana maneno yake, nami nimeyasikia mpaka nayaota. Gari linaletwa ubavu umekunjwa, mwenyewe machozi yanamlengalenga, na mume wangu anapangusa mikono kwa tambara taratibu, analizunguka, kisha anasema: “Usiwe na wasiwasi. Litakuwa jipya. Hata mama yake hatajua.” Mteja anacheka, roho inamtulia, anaondoka. Lakini ukienda na mume wangu arusini, hamfiki mlangoni. Anapita kwenye magari ya watu akigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, anasikiliza. “Hili limepakwa. Hili limepakwa mara mbili. Hili, mwenyewe hajui, lakini lilipinduka.” Mimi nimesimama pembeni na viatu vya visigino, nawaka.

Magari yote aliyowahi kumiliki yalikuwa ya namna hiyo, maajali ya watu aliyoyanunua na kuyaziba. Hili ndilo la kwanza ambalo hakuna mkono wa fundi uliowahi kuligusa. Nadhani ndilo lililomtia wazimu. Tena akachagua jeusi. Muuzaji mwenyewe alimwambia, bwana, jeusi linaonyesha kila kitu, hata jicho baya linaacha alama. Akasema ndilo analolitaka.

Basi tukaanza kuishi kwa amri. Hakuna kupita karibu na gari ukiwa na pete, mkanda wenye bizimu, mkoba wenye zipu. Hakuna kuegemea. Hakuna kulipangusa vumbi kwa mkono, maana vumbi ni mchanga na mchanga ni msasa. Kuliosha ni yeye peke yake, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kutoka juu kushuka chini, mstari ulionyooka, bila kuzungusha mkono. Ndege akiliachia kitu, anatoka mbio na kitambaa kibichi hata kama ana sabuni usoni. Blanketi letu zuri, lile laini, lililoletwa na mama yangu, likahamia nje kuwa shuka la gari. Tukienda sokoni tunaliegesha mbali na watu wote, kisha tunatembea kwenye jua na mizigo yetu kama tusio na gari.

Na ole wako ulikosee. Shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alikuja kulipongeza gari na chupa ya soda mkononi, akaiweka juu ya paa akiwa anaongea. Kidogo tu. Maneno aliyoambiwa siku ile siyaandiki. Soda hakuimaliza, na mguu wake haujakanyaga kwetu tena.

Katikati ya kiwewe hiki ndipo alipokuja mama mkwe wangu.

Alikuja kusubiri kupasuliwa jicho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja limekwisha kabisa na jingine linaona mwanga na vivuli. “Nimezaa wengi,” alikuwa akisema, “lakini huyu wa jicho ndiye mkaidi kuwashinda wote.” Ni mwanamke mwembamba, mikono mirefu, hajui kukaa. Maisha yake yote alifanya kazi jikoni kwenye shule ya bweni, na masufuria ya pale yalikuwa makubwa hata akiyasugua ilibidi aingie ndani nusu mwili. Anasema mkuu wa shule alikuwa akijitazama uso kwenye sufuria zake kabla ya kwenda kikaoni. Mimi nilidhani ananitania, mpaka alipokuja mara ya kwanza miaka ile na kuzigeuza sufuria zangu zikawa vioo.

Safari hii nilimkataza. Haoni, ana miadi ya hospitali, akichubuka je? Nikimkuta ameshika kisu, namnyang'anya kwa adabu. Akifagia, nachukua ufagio. “Pumzika, Mama.” Kutwa nzima pumzika Mama, pumzika Mama. Anakaa kwenye kiti cha sebuleni, vidole vinachezea upindo wa gauni, miguu inatikisika. Yeye huku anatikisa miguu, mwanawe kule anafunua pazia, na mimi katikati nikasahau hata mtu aliyetulia anafananaje.

“Mnanikalisha kama mgeni,” aliniambia siku moja.

“Si mgeni, Mama. Tunakutunza.”

“Ndiyo hayo hayo,” akasema.

Jioni moja tu ndiyo tulicheka wote. Tulikuwa mezani, lile dume la jirani likalia nje, mume wangu akaruka kuelekea dirishani, na mama yake akawageukia mapacha.

“Baba yenu amechukia paka wakati paka ndio waliomlea,” alisema. “Alikuwa mtundu huyu! Alivunja birika, alivunja kioo, alimwaga wino kwenye shati la kazi la baba yake. Na babu yenu mkono wake ulikuwa mwepesi. Akirudi akauliza, nani kafanya hivi, mimi nasema: paka.”

“Bibi, mlikuwa na paka?”

“Hatujawahi kufuga paka.”

“Na babu aliamini?”

“Alijua. Lakini ukishaambiwa paka, utampiga nani?”

Mume wangu alicheka mpaka akashika meza, na kwa muda mfupi akakaa kama watu wengine wanavyokaa. Kisha jani likaanguka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Gari mume wangu haendi nalo kazini, kwa sababu gereji hewa yote ni ukungu wa rangi, na ukungu huo ukitua haubanduki. Lilikuwa uani, uchi, maana blanketi lilikuwa kambani limefuliwa. Mapacha wako shule. Mimi nilitoka kwenda kwa fundi viatu kuchukua viatu vyao, na fundi viatu yule ana mdomo. Nilikuja kutoka pale jua limeshasogea.

Nilisikia kabla ya kufungua geti. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ninayoijua vizuri, sauti ya jikoni, ila ilikuwa inatoka mahali pasipokuwa pake.

Mama mkwe alikuwa amekunja gauni magotini, ndoo pembeni, povu mpaka kwenye viwiko, na anaimba. Mkononi ana waya wa masufuria. Alikuwa amemaliza boneti na mlango wa dereva, na sasa yuko ubavuni, anazungusha mkono kwa nguvu zake zote, duara juu ya duara, mtu aliyefunguliwa kutoka kifungoni. Pale alipokwisha kupita weusi ulikuwa umetoweka. Palikuwa na ukungu wa kijivu, mistari juu ya mistari, na maji yaliyokuwa yanashuka chini yalikuwa meusi.

Viatu vya watoto vikanidondoka.

“Ni wewe, mwanangu?” akasema, uso umegeukia sauti. “Ndege alikuwa amelichafua hapa mbele, nimepapasa nikalikuta limekauka. Nikasema mwanangu halali kwa ajili ya gari hili, acha leo akirudi alikute limekwisha. Uchafu ulikuwa umeganda, lakini umetoka.”

“Mama,” nilisema. “Umetumia nini?”

“Huu wa masufuria. Tena mpya, nimeufungua sasa hivi. Usimwambie. Nataka alione mwenyewe.”

Nilimshika mkono nikampeleka ndani. Nikamwambia limetakata, Mama, limetosha, pumzika. Kisha nikarudi nje nikalitazama, nikaingia, nikatoka tena. Niliogopa, na sikuogopa kwa ajili ya gari. Nilikuwa namwona shemeji yangu na chupa yake ya soda. Mtu aliyemfukuza ndugu yake kwa ajili ya alama ya chupa, leo anakuja kukuta hili, na aliyelifanya amekaa sebuleni, amebadilisha gauni, anamsubiri asifiwe. Maneno ya namna ile, mama wa umri ule hayamtoki. Anakwenda nayo kaburini. Nilifikiri kumpigia simu mume wangu nimwandae, nikashika simu, nikaiweka, nikaishika. Mwisho nikatandika blanketi juu ya gari likiwa bado bichi, nikaona upuuzi wangu, nikalitoa.

Geti likalia. Mama mkwe akasimama kabla yangu. Alitoka akipapasa ukuta, akafika barazani, akasimama na mikono yake mirefu mbele, anatabasamu kuelekea mahali alipodhani mwanawe yupo.

Mume wangu alikuwa ameshaona. Alisimama getini, mfuko wa nguo za kazi begani. Mfuko ukateleza taratibu ukafika chini. Niliuona mshipa wa shingo umemsimama, ule ule wa siku ya soda. Alipiga hatua mpaka kwenye boneti akaweka kiganja. Fundi rangi haangalii kwa macho, anaangalia kwa kiganja, na kiganja kilikuwa kinamwambia yote.

“Umelionaje?” mama akauliza. “Linang'aa?”

Mume wangu alimtazama mama yake. Yale macho ya maziwa yalikuwa yamemlenga sikioni, si usoni, na bado yanatabasamu.

“Linang'aa, Mama,” alisema. “Hata kiwandani halikung'aa hivi.”

“Si nilijua!” Akapiga makofi. “Mkeo anasema nipumzike!”

Nilimkuta baadaye nyuma ya nyumba amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imening'inia. Nikajua asiguswe. Nikasimama tu.

“Msasa mkavu ungekuwa na huruma zaidi,” alisema mwishowe. “Imetoka yote. Kuna mahali ameingia mpaka kwenye bati.”

“Asante kwa ulichomwambia.”

“Wiki ijayo wanamfungua jicho.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mchana wote nilihesabu hasira za mume wangu tu, na sasa nikaona jambo lenyewe liko wapi. Wiki ijayo mama huyu atafunguliwa jicho, na kitu cha kwanza atakachotaka kukiona ni lile gari aliloling'arisha.

“Akiliona, hatakanyaga hapa tena,” nikasema. “Aibu itamla.”

“Najua.”

“Basi lipake.”

Akanitazama kama nimemtukana. “Unajua unachosema? Kulipaka ni kwanza niisage ile iliyobaki. Kwa mkono wangu. Likishapakwa, limepakwa.”

“Huwa unawaambia nini watu?” nilisema. Nilikuwa na hasira sasa, na zilikuwa za kumhurumia. “Kila siku unawaambia nini? Hata mama yake hatajua. Haya, mama yake yuko sebuleni.”

Lile dume la jirani likapita juu ya ukuta, likatutazama. Mume wangu hakuinua hata kokoto.

Kesho yake alilipeleka gereji. Mama tulimwambia limeazimwa na rafiki kwa ajili ya arusi, akafurahi kwamba limekwenda arusini likiwa safi. Nilikwenda kumpelekea mume wangu chakula, nikamkuta ameliziba vioo na taa kwa magazeti, lipo katikati ya yale majeruhi mengine, huwezi kulitofautisha. Wenzake waliokuwa wamezoea kumtania walikuwa wamenyamaza. Alikuwa amepiga goti kwenye mlango wa dereva, msasa wa maji mkononi, anasaga. Rangi ya kiwandani ilikuwa inashuka na maji, nyeusi, mpaka kwenye suruali yake. Hakuinua uso, nami nikaweka chakula nikaondoka.

Hakuridhika nalo. Alilipaka, akaona punje ya vumbi imetua kwenye boneti, punje ambayo mimi hata kwa kuonyeshwa sikuiona, akasaga yote akaanza upya. Aliwafukuza watu wasipite, alimwagia sakafu maji vumbi lilale, alizima feni, akavaa shati jipya lisilotoa nyuzi. Kwa wateja alikuwa anatosheka mapema. Nyumbani alikuwa anakula amesimama, safari hii bila hata kwenda dirishani, maana nje hakukuwa na kitu cha kutazama.

Mama akapasuliwa. Kesho yake asubuhi tukaenda kumchukua, na mume wangu akaliegesha gari mlangoni pa hospitali, katikati ya magari ya watu, milango inafunguliwa huku na huku. Nililizunguka mara mbili. Nilijua kila mahali palipoharibika, na sikupaona.

Muuguzi alimtoa mama akiwa amefunguliwa bandeji, jicho jekundu, linatoa machozi, liko wazi. Mama akatusimamisha. Alimtazama mwanawe kwanza, kwa muda.

“Mbona umezeeka hivi na mimi nipo?” akasema. Kisha mimi. “Na wewe umenenepa. Vizuri.”

“Twende, Mama,” mume wangu akasema. “Jua kali kwa jicho.”

“Subiri. Gari liko wapi?”

Tukampeleka. Alilitazama lote, kutoka taa za mbele mpaka nyuma, midomo imefumba. Jua lilikuwa linacheza juu yake. Alijiona, nadhani, mwanamke mwembamba mweusi kwenye mlango mweusi, akajirekebisha kola. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Kisha mama akainama karibu na boneti, akavuta hewa kwa pua.

“Gari jipya,” alisema, “mbona linanuka kama wewe?”

Harufu ile haijawahi kutoka kwenye mashati ya mume wangu, nafua na kufua. Mama aliyemfulia tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi angeisahauje? Akaweka kiganja juu ya boneti, pale pale alipoanzia siku ile. Akakitoa. Akavigeuza viganja vyake vyote viwili akavitazama, kwanza kimoja, halafu kingine, na nikaona mabega yake yanaanza kushuka.

“Nani kafanya hivi?” aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

Mume wangu akajikohoza.

“Paka, Mama.”

Mama hakugeuka. Alikaa hivyo, viganja wazi mbele yake. Halafu kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtoka, mpaka muuguzi akaja mbio kumgombeza kwamba jicho litafumuka. Alicheka na kulia kwa pamoja, na mwanawe vilevile, na watu waliokuwa wanapita wakadhani tumefiwa.

“Basi huyo paka wenu,” alisema alipopata pumzi, na alikuwa ananitazama mimi kwa lile jicho jipya, “mpeni kazi ya kufanya. Mkimkalisha bure ataharibu na mengine.”

“Masufuria yapo, Mama.”

“Meusi?”

“Meusi tititi.”

“Haya ndiyo maneno.”

Akaukataa mkono wa mwanawe, akafungua mlango wa gari mwenyewe. Pete yake ikagonga rangi, ko, halafu ikakwaruza kidogo. Mume wangu alikuwa anazunguka kwenda upande wa dereva, anajifuta macho, wala hakugeuka. Aliyeinama kutazama kama imeacha alama ni mimi.